Swali la lugha: Antihistamini "huondoa" histamini?

Msomaji anayeandaa kijikaratasi cha maelezo ya dawa ameuliza: niandike "dawa ya kuondoa histamini mwilini" au "ya kuzuia histamini"? Na je, mzio ndiyo aleji?

Andika kuzuia. Kitenzi ondoa kinadai jambo ambalo antihistamini, dawa zinazotuliza mzio, hazilifanyi. Histamini, C5H9N3, ni amini (kampaundi yenye nitrojeni) ndogo ambayo mwili huipata kwa kuinyofoa kaboni dioksidi asidi amino iitwayo histidini. Ikimwagika kutoka kwenye seli zinazoihifadhi, hushika vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake. Kile cha H1 ndicho cha muwasho, chafya na vipele. Cha H2, tumboni, huchochea asidi. Klorfenamini na setirizini huikalia H1. Histamini bado ipo, ila imekosa pa kushika. Ndiyo sababu dawa iliyomezwa mapema husaidia kuliko ile inayosubiri uvimbe uanze.

Jina linalofaa, basi, ni kizuia histamini, wingi vizuia histamini, kama tunavyosema kipaza sauti na vipaza sauti. Taja na kipokezi. Famotidini nayo ni kizuia histamini, lakini ni ya H2: hupewa mwenye asidi nyingi tumboni, si mwenye chafya. Betahistini ya kizunguzungu inafanana na histamini yenyewe kwa umbo, kwa hiyo usiiweke kapu hilo kwa sababu ya mlio wa jina.

Kwenye kipimo, epuka "kutwa mara kadhaa". Kwa mtu mzima andika: setirizini, miligramu 10 mara moja kwa siku; klorfenamini, miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, zisizidi miligramu 24 kwa siku. Na andika waziwazi "huleta usingizi, usiendeshe chombo", kwa kuwa klorfenamini hupenya hadi kwenye ubongo. "Huweza kuchosha" ni maneno dhaifu mno kwa dereva wa bodaboda.

Tahajia: amini ni jina la ngeli ya I-/ZI- (amini hii, amini hizi), na halihusiani na kitenzi amini. Amino hufuata jina jingine: asidi amino, kundi la amino. "Asidi amini" ni kosa.

Sasa mzio. Zamani neno hili lilitaja chakula chenyewe ambacho mtu hukiepuka kwa kuwa kinamdhuru: "pweza ni mzio wangu." Leo linataja pia namna mwili unavyokikataa: "nina mzio wa pweza." Matumizi yote mawili ni Kiswahili safi, na kwa maana ya pili mzio na aleji ni kitu kimoja. Kwenye kijikaratasi ningechagua mzio.

Lakini usilitumie kwa mtu aliyekula jodari au kibua, samaki aliyelazwa nje ya barafu, kisha mtu huyo akawiva uso na kuumwa kichwa muda mfupi baadaye. Hapo bakteria wamegeuza histidini ya samaki kuwa histamini, na kupika hakuiharibu. Dalili zinafanana na za mzio, na kizuia H1 kinasaidia, ila kinga ya mwili haikumkataa samaki. Andika "sumu ya histamini". Akiambiwa ana mzio, ataacha jodari maisha yake yote bila sababu, na muuzaji ataendelea kuwaanika samaki juani.