Mwanangu, kukimbia si woga

Mwanangu, umeniuliza inakuwaje mwalimu wenu wa falsafa anasema mtumwa aliyetoroka ametufundisha uhuru ni nini, wakati yeye katimua mbio tu kuokoa roho yake, na mashamba ya miwa aliyoyaacha yakaendelea kama kawaida.

Sa angalia, falsafa tuliyosomeshwa siye inaanza na mtu ambaye tayari yuko huru, kakaa anabishana serikali imwachie nini. Hawa wanaotaka kuutoa ukoloni kwenye fikra, kina Neil Roberts, mwanafalsafa wa siasa, wameigeuza: anza na yule aliyekuwa mali ya mtu, uone uhuru anautengenezaje. Mi naona wako sahihi. Wasaramaka wa Suriname, kule Amerika ya Kusini, ambao wazee wao walitoroka mashamba ya Waholanzi, wanasimulia hadi leo kwamba bibi zao walificha mbegu za mpunga kwenye nywele wakakimbilia nazo msituni. Yani nyuma kuna bunduki, we unawaza mpunga! Anayekimbia kifo tu habebi mbegu, maana mpunga unataka miezi, kufyeka pori, kupanda, kuamia ndege, kuvuna, kutwanga, na unataka watu wa kula nao, kwa hiyo yule mama alishaamua kesho ipo na bwana hayumo. Waholanzi wakahangaika nao miaka na miaka, mwishowe 1762 wakakubali kuandikiana amani.

Ila usiwafanye malaika. Jamaika, 1739, Cudjoe, kiongozi wa watoro, alisaini amani na Waingereza, watu wake wakapata ardhi na uhuru, na sharti mojawapo likawa kuwakamata na kuwarudisha watoro wapya. Hapo ndo nagombana na wanaosifia kutoroka jumlajumla, maana waliotangulia wakawa walinzi wa mlango uleule waliotokea.

Haiti, iliyokuwa koloni la Wafaransa, watumwa hawakuishia msituni, uasi wa 1791 uliyachoma mashamba yenyewe na 1804 wakatangaza nchi yao. Afu 1825 Ufaransa ikaja na manowari kudai faranga milioni 150, fidia ya mabwana eti, sio ya watumwa! Baadaye ikapunguzwa lakini wakalipa, tena kwa kukopa hukohuko Ufaransa. Sasa hilo ndo ungempelekea mwalimu wako: mtu mmoja ana msitu wa kukimbilia, nchi nzima yenye deni inatorokea wapi?