Ni kweli hospitali ndiyo inayoharibu uzazi?

SWALI: Shikamoo mkunga. Naishi Kikuyu, hapa Dodoma. Hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki ya 33, na kliniki wanasema presha, damu na mlalo wa mtoto viko sawa. Nimefuatilia mafundisho ya uzazi wa asili. Wanasema dripu ya uchungu, kulazwa chali na kuongezewa njia (kukatwa mlango wa uke ili upanuke) ndivyo vinavyowafikisha wanawake kwenye kisu, na kwamba mwili unajua kuzaa wenyewe. Bibi yangu wa Bahi kazaa watoto tisa nyumbani. Kama sina tatizo, kuna ubaya gani nikaenda kujifungulia kwake?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza una haki nalo. La pili linaweza kukuua, kwa hiyo nitayatenganisha.

Malalamiko kuhusu huduma yana msingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unakataza kuongezea njia kila mama kama desturi. Unasema pia kwamba njia kutofunguka sentimita moja kila saa si sababu tosha ya kumharakisha mama, kwamba mwendo wenyewe wa uchungu uhesabiwe kuanzia njia ikiwa imefunguka sentimita 5, na kwamba mama atembee, achague mkao na awe na mtu wake wa karibu. Dripu ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ikiwekwa bila sababu, uchungu unaweza kuja mfululizo, mtoto hapati nafasi ya kupumzika, mapigo yake yanashuka, na hapo kisu kinafuata kweli. Lakini dripu hiyohiyo, uchungu ukiwa umelegea na mkunga akiwa karibu anasikiliza mapigo, inaweza kumwepusha mama na kisu.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanaoikimbia dripu wanakubali kikombe cha mitishamba ya kuharakisha uchungu. Baadhi ya dawa hizo zinakaza mfuko wa uzazi vilevile. Dripu naweza kuipunguza au kuifunga. Ulichokwisha kunywa hakuna wa kukirudisha.

Sasa hilo la kusema huna tatizo. Wengi wanaovuja damu baada ya kujifungua hawakuwa na dalili yoyote kliniki. Mimba ikikomaa, nusu lita ya damu au zaidi hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo likishatoka, kinachoziba mishipa ile ni misuli ya mfuko kukaza. Isipokaza, mama aliyekuwa anacheka na mtoto kifuani anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Ndiyo maana tunachoma oksitosini yuniti 10 pajani mara tu mtoto anapotoka. Dawa hiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo si kitu cha kununua na kuweka kabatini kwa bibi kwenye joto la Bahi.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania. Mama aliwekewa chini mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu. Damu ilipozidi, tiba zote zilitolewa kwa mkupuo badala ya kujaribu moja moja na kusubiri. Uvujaji mkubwa, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vitokanavyo na damu, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60. Nyumbani hayo yote hayapo.

Utaambiwa Ulaya wanazalia nyumbani salama. Uingereza, utafiti wa 2011 uliangalia wanawake zaidi ya 64,000 wasio na tatizo. Waliokwisha kuzaa kabla, mtoto hakuwa kwenye hatari zaidi nyumbani. Waliozaa mara ya kwanza, matatizo makubwa ya mtoto yalikuwa 9.3 kwa kila 1,000 waliopanga kuzalia nyumbani, dhidi ya 5.3 waliopanga hospitali, na karibu 45 kati ya 100 waliopanga nyumbani walihamishiwa hospitali. Na hao walikuwa na mkunga aliyesajiliwa, dawa mkononi na gari la wagonjwa la kuita. Wewe ni mimba ya kwanza, na utakuwa na bibi.

Hata asili ya mafundisho hayo uijue. Daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliandika mwaka 1933 kwamba hofu huleta mkazo na mkazo huleta maumivu. Kwenye hofu alisema jambo la maana. Ila alijenga pia juu ya dhana kwamba wanawake wa jamii alizoziona hazijaendelea huzaa bila taabu. Dhana hiyo inanikera, kwa sababu waliokuwa wakisemwa ni watu kama bibi zetu. Muulize bibi, kwa heshima, wenzake wangapi waliingia uchungu wasirudi. Takwimu za taifa zilikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16, na 104 mwaka 2022. Katika kipindi hicho waliojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sisemi ni sababu pekee, lakini siioni ikiwa ndogo.

Kwa hiyo usiende Bahi. Mlete bibi Kikuyu. Uchungu ukianza taratibu, kaa nyumbani, tembea, kula, akusugue mgongo. Ukija kwa mpangilio na kuzidi nguvu, nendeni. Wiki hii uliza unapopanga kujifungulia: je, upasuaji na damu ya kuongezewa vipo hapohapo? Bibi ataruhusiwa kuwa nami, au wodi ni ya pamoja? Mtu akitaka kukuwekea dripu au kukuongezea njia, muulize sababu. Ni haki yako kujibiwa kabla hajagusa.

Andika 115 kwenye simu yako na ya mumeo, ni namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito. Na chupa ikipasuka, damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au mtoto akipunguza kucheza, usisubiri uchungu. Njoo saa hiyohiyo.