Tuuze kiwanja tukapime vimeng'enya vya kansa?

SWALI: Daktari shikamoo. Baba yangu mdogo alikutwa na kansa ya utumbo mpana, kashafanyiwa operesheni. Sasa kuna makala imeletwa kwenye grupu la familia, inasema kuna vimeng'enya vinaitwa MMP na vizuizi vyake TIMP, ukipima unajua kama kansa itarudi. Maabara moja wanasema damu wanaituma nje ila hela ni ndefu, wazee wanataka kuuza kiwanja. Tuuze? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Kiwanja msiuze.

Vimeng'enya vyenyewe (enzaimu, protini zinazochochea kazi za kikemia mwilini) ni vya kweli. MMP zinakata kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia nyama za mwili, na ya kwanza ilionekana mwaka 1962 kule Marekani kwenye mkia wa kiluwiluwi, ule unaoyeyuka akigeuka chura. Hata wewe unazo, kidonda kikipona zimo kazini, na TIMP ndo zinazibana zisikate ovyo, MMP ni panga TIMP ala yake. Sasa kansa ya utumbo inaanzia tabaka la ndani kabisa, chini yake kuna kautando kembamba ka kolajeni, aina mbili za MMP, yaani MMP-2 na MMP-9, zinakata kautando kale na seli za kansa zinapata upenyo wa kwenda kwenye tezi za limfu zilizo jirani na utumbo, baadaye ini.

Utasema basi TIMP ikiwa nyingi ni heri. Wapi! Watafiti wamekuta TIMP-1 ikiwa juu kwenye damu mara nyingi mgonjwa anakuwa na hali mbaya zaidi, maana ina kazi nyingine pia, inazisaidia seli zisife, halafu inaweza kupanda kwa magonjwa mengine tu. Ndo maana madaktari hawaamulii matibabu kwa namba hiyo, na mimi inaniuma nikiona familia inauza mali kwa ajili yake.

Chukueni ile karatasi ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa. Angalia tezi ngapi zimepimwa, inatakiwa zisipungue 12, na ngapi zimekutwa na kansa, maana kama hata moja inayo lazima muongee na daktari wa kansa kuhusu kemo (dawa za kuua seli za kansa) mapema, msikae miezi mnajadiliana, hospitali ya kansa ya Ocean Road ipo hapahapa Dar. Damu apime CEA (protini inayoweza kupanda kansa ikirudi, iligunduliwa 1965) kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka ya mwanzo, iwe inalinganishwa na ya nyuma (kama anavuta sigara aseme, inaipandisha). Pia CT skani kwa ratiba ya daktari, na kamera ya utumbo mwaka mmoja baada ya operesheni.

Na watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja, baba yako akiwemo, waongee na daktari kuhusu kupigwa kamera wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia yeye, ipi inatangulia. Anayeona damu chooni sasa hivi asingoje umri wowote, aende wiki hii, asijiambie ni bawasiri.