Woga wa kutolewa damu si ujinga

Ndugu uliyeandika kwamba bibi zetu wa Kilolo na Mufindi, huku Iringa, hukataa kupimwa damu kwa sababu ya ujinga, naomba nitofautiane nawe. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alipojiua mwaka 1898, walimkata kichwa wakakipeleka kwao, na fuvu lililokabidhiwa kuwa lake halikurudi Kalenga, yalipokuwa makao yake, hadi mwaka 1954. Mafuvu mengine mengi ya watu wa nchi hii yalisafirishwa vilevile, yakapimwa huko Ujerumani na wasomi, wakiwemo madaktari, kwa jina la sayansi. Katika enzi hiyohiyo ya ukoloni ndipo hofu ya mumiani, yaani watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao, ilipoenea Afrika Mashariki. Aliyekua akisikia hayo, kisha akachomwa sindano na mtu asiyemweleza damu yake inakwenda wapi, ana haki kamili ya kuuliza, na inaniuma kwamba mara nyingi hufokewa badala ya kujibiwa.

Kinachosaidia ni uwazi. Katika kipimo cha haraka cha malaria, kwa mfano, muuguzi anaweza kumwonyesha bibi tone lenyewe likiwekwa kwenye kifaa, wakasubiri pamoja kwa takribani dakika 15 mpaka mstari ujitokeze, kisha kifaa kikatupwa mbele ya macho yake. Mhudumu wa afya wa kijijini, anayezungumza Kihehe na ambaye ukoo wake unafahamika, atamshawishi kuliko amri ya mtendaji wa kata.