Kabla ya sindano, muulizeni amekula nini

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama mtu anaweza kujenga mwili wa kushinda mashindano ya kutunisha misuli bila kutumia dawa za homoni za kukuza misuli. Swali hili limenigusa, kwa sababu mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari na kwa miaka mingi nimefanya mazoezi katika jimu ya uani huko Tandika, Dar es Salaam. Hata hivyo, naomba nilisogeze kidogo. Vijana wengi ninaowaona wakichoma sindano hawatapanda jukwaani hata siku moja. Hawashindani na mtu, wanataka tu fulana iwakae vizuri. Kwa hao, kabla ya kuuliza kama dawa inahitajika, tuulize ni kitu gani hawajakifanya bado, na jibu ninalokutana nalo mara kwa mara ni kwamba hawajala na hawajalala.

Msuli haukui wakati chuma kiko mkononi. Chuma huuchosha na kuuchokoza, kisha kwa siku moja hadi mbili baada ya zoezi zito mwili hutengeneza protini za msuli kwa kasi kubwa kuliko kawaida, na kazi hiyo inahitaji malighafi na muda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 49, ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini huendelea hadi kufikia takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na baada ya hapo nyongeza haisaidii sana. Kijana wa kilo 60 basi anahitaji gramu 96 hivi, na yai moja lina gramu 6 tu. Kuhusu usingizi, utafiti mdogo uliofanywa Chicago na kuchapishwa mwaka 2011 uligundua kwamba vijana wenye afya waliolazwa saa tano tu kwa usiku, kwa muda wa wiki moja, walishuka testosteroni, homoni ya kiume inayokuza misuli, kwa asilimia 10 hadi 15. Maana yake ni kwamba anayekesha anajipunguzia mwenyewe homoni ile ile anayokwenda kuinunua kwenye kichupa.

Kuna jioni moja ambayo siisahau, na naomba mnivumilie niisimulie yote. Jimu yetu ni banda la mabati nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini. Benchi zimechomelewa na fundi wa mtaani, na uzito wa kuanzia ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la maji. Vijana wawili marafiki, wote waendesha bodaboda wa usiku kule Mbagala, waliingia na leso iliyofungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na vichupa viwili vya mafuta ya rangi ya manjano pamoja na mabomba ya sindano. Maandishi ya kwenye vichupa yalikuwa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuisoma, na tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefutika. Aliyewauzia aliwaambia wachome takoni mara moja kwa wiki, basi. Mzee aliwapokea salamu yao, akavichukua vichupa, akavigeuza kwenye mwanga wa taa, akaviweka kando ya kopo la chaki, kisha akamgeukia yule mdogo kati yao.

"Mwanangu, leo toka asubuhi umekula nini?"

Kijana akaanza kutaja: chai ya rangi na chapati mbili, chipsi mayai mchana, na ugali kwa mchicha aliokuwa akiutarajia usiku. Mzee alikuwa akiandika ukutani kwa chaki ile ile tunayoandikia uzito tulionyanyua, kila chakula kwenye mstari wake, bila kusema neno. Kisha akamuuliza amelala saa ngapi. Alilala saa kumi na moja alfajiri, baada ya kuegesha pikipiki kwa tajiri wake, na saa tatu asubuhi alikuwa ameshaamshwa na kelele za mtaani. Hayo nayo yakaandikwa. Mwisho akamuuliza ni siku gani katika wiki hafanyi zoezi la kifua, na kijana akanyamaza, kwa kuwa alikuwa akikifanya kila siku.

Nilikuwa nimekaa kwenye tairi nikisubiri zamu yangu ya benchi, nikapiga hesabu kichwani. Mayai ya kwenye chipsi, chapati, unga wa ugali na mchicha, vyote kwa pamoja havikufika gramu 50 za protini, yaani takriban nusu ya mahitaji ya mtu wa uzito wake. Kwa mlo huo, usingizi huo, na kifua kile kisichopewa hata siku moja ya kupona, ndipo alipotaka kumimina mafuta yasiyojulikana yametoka wapi.

Mzee hakumhubiria. "Kichupa ni chako, umekinunua kwa jasho lako," alimwambia. "Nitakutunzia mpaka masika yaishe. Siku hiyo ukikitaka, njoo ukichukue." Akampa na masharti: kifua mara mbili tu kwa wiki, kiporo cha maharage kila asubuhi, dagaa au mayai kila usiku, na awe amelala kabla ya usiku wa manane. Sharti la mwisho ndilo lililomshinda kwa muda mrefu, maana usiku ndio uliokuwa ukimlisha. Ilimchukua wiki kadhaa kumshawishi tajiri ambadilishie zamu, na alipobadilishiwa, mapato yalipungua ingawa hesabu aliyotakiwa kupeleka kila siku ilibaki pale pale. Mama yake, ambaye ni mama lishe, ndiye aliyemuokoa kwa kumbakizia maharage sufuriani kila alipofunga biashara.

Rafiki yake hakusubiri. Alichukua kichupa chake jioni ile ile. Na hapa lazima kweli isemwe: alikua haraka. Masika hayajaisha, mabega yalikuwa yamejaa na watu walianza kumwita baunsa, wakati yule wa maharage alikuwa akipanda taratibu, kopo kwa kopo. Baadaye ndipo mengine yalipojitokeza. Mgongo wa rafiki ulijaa chunusi, chuchu zikavimba zikawa zinamuuma hata zikiguswa na nguo, na siku moja kano ya kifua ikakatika akiwa benchi, sote tukisikia. Siwezi kuapa kwamba ni dawa peke yake iliyofanya hivyo, kwa kuwa naye alikuwa hapati usingizi wa kutosha na alikuwa akiongeza uzito kila wiki. Ninachokijua ni kwamba kano haikui kwa kasi ya msuli uliosukumwa na homoni. Alipoacha kuchoma mwili ulinywea, na kwa miezi akawa mtu asiye na hamu ya jambo lolote. Hilo halinishangazi, kwa sababu homoni inapoingia kutoka nje, ubongo huacha kuziamuru korodani zitengeneze ya kwao, na hazirejei kazini siku ile ile mtu anapoacha sindano.

Nilikaa kuandika nikiwa nimekusudia kuhitimisha hapa kwamba chakula na usingizi vinaishinda dawa. Kadiri ninavyoendelea, naona kwamba kusema hivyo ni kuwadanganya vijana, nao watagundua. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 10 ambamo baadhi ya wanaume walichomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki. Waliochomwa bila kufanya zoezi lolote waliongeza takriban kilo 3 za mwili usio mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza kilo 2 hivi, na waliounganisha vyote viwili waliongeza kilo 6 hivi. Dawa inafanya kazi. Anayemwambia kijana kwamba haifanyi kazi atapoteza imani yake siku atakapomwona rafiki aliyechoma.

Ila wanaume wale walipangiwa chakula na protini kwa vipimo, dawa yao ilikuwa safi, na madaktari waliwafuatilia. Wiki 10, tena, hazisemi chochote kuhusu moyo baada ya miaka 10. Moyo nao ni msuli, na kwa watumiaji wa muda mrefu kuta zake hunenepa, huku lehemu nzuri ikishuka na vidonge vingi vya aina hii vikiumiza ini. Andreas Münzer wa Austria, mtunisha misuli wa kulipwa aliyetumia dawa hizi, hakuwa mtu wa kula ovyo wala wa kukwepa mazoezi. Alifariki Machi 1996 akiwa na umri wa miaka 31, mwezi ule ule aliopanda jukwaa la Arnold Classic, mashindano makubwa ya kutunisha misuli huko Marekani.

Kwa hiyo, kwa swali lenu kama lilivyoulizwa, jibu langu ni ndiyo pale ambapo washindani wanapimwa dawa kweli kweli, na ni hapana, kwa masikitiko, pale ambapo hakuna anayepimwa. Kwa kijana wa jimu ya uani, nasisitiza kwamba chakula na mapumziko vinatangulia, nikikiri kwamba si vya bure: zamu ya usiku haiachwi na kila mtu, na si kila kijana ana mama mwenye sufuria ya maharage. Yule wa kwanza hakurudi kukichukua kichupa chake. Akinijia mwingine kesho ambaye tayari anakula, analala na anapumzika ipasavyo, bado nitamwambia asichome, ingawa sababu nitakayompa haitakuwa tena kwamba dawa haimwongezei kitu.