Skrini inang'aa au inaakisi?

SWALI: Natafsiri maelezo ya skrini ya kompyuta. Nimeandika, "Skrini hii haing'ai, na mng'ao wake ni mkubwa." Mwenzangu amecheka. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Ana haki ya kucheka: umeinyang'anya skrini mng'ao kisha ukairudishia papo hapo. Nyota hung'aa, taa hung'aa, na skrini iliyowashwa ndiyo kazi yake. Tena kung'aa ni sifa njema. Msomaji akikuta "haing'ai" atadhani unamuuzia kitu kilichofifia. Kinachokera ukikaa na dirisha mgongoni ni kingine: mwanga wa nje unapiga kioo na kukurudia machoni. Huko ni kuakisi. (Sauti ikirudi tuna mwangwi, neno tamu kabisa, kwa mwanga tukaenda kuazima Kiarabu.)

Angalia na mtendaji. Wengi husema "mwanga unaakisi kwenye skrini". Kioo ndicho kinachoakisi, mwanga huakisiwa.

Ukifika kwenye utando wa juu, ule unaopakwa kioo ili kisiakisi sana, usikimbilie "unaozuia uakisi". Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokipiga wima, kwa kila uso wake. Utando unaopakwa juu yake huwa na unene wa kama robo ya urefu wa wimbi la mwanga, ili miali inayorudi kutoka juu ya utando na ile inayorudi kutoka chini yake ifutane. Hufutana kwa sehemu kubwa, si yote, kwa hiyo andika "unaopunguza". Ile skrini ya uso usio laini, ambayo kidole hukwama kidogo ukiipapasa, haifuti chochote. Yenyewe hutawanya mwanga: dirisha halionekani tena kama dirisha, linakuwa ukungu tu, lakini herufi nazo hupoteza makali kidogo. Hiyo iite "inayotawanya mwanga", mnunuzi asije akadhani ni kitu kimoja.

Ukitaka pia kusema kuwa picha ni safi, achana na kusaka nomino. Mimi hutumia kitenzi: picha inaonekana bayana, maandishi yanasomeka. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Skrini hii imepakwa utando unaopunguza uakisi, ina mwangaza mkubwa, na maandishi yake husomeka vizuri hata juani."