Daftari likigoma, gawa kwa tisa

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga, mtaa ambao hata barabara zake zinaitwa kwa namba. Mwezi mmoja fedha za sandukuni zilipungua 360,000 kuliko zilizoandikwa daftarini. Wenzangu hawakusema kitu, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Nilirudia kujumlisha mpaka macho yakauma. Bi mkubwa mmoja, aliyeuza machungwa ya Muheza kwa jumla miaka mingi, akaniambia, "Mwanangu, gawa hiyo tofauti kwa tisa." Ikatoka 40,000, bila baki. "Basi usishuku mtu kwanza. Tazama ulipopindua tarakimu."

Nikapata: 4,370,000 niliiandika 4,730,000.

Siri yake ni hii. Panga machungwa 10 kwa mafungu ya tisatisa, linabaki moja. Panga 100, linabaki moja. Panga 1,000, bado moja. Kwa hiyo 4,000 yanabakiza manne, na namba yoyote, iwe ndefu namna gani, ukiigawa kwa 9 baki yake ni ileile ya jumla ya tarakimu zake. Ukipindua tarakimu jumla haibadiliki, basi ukitoa moja kwa nyingine baki zinauana. Tena tofauti inakuonyesha mahali: 360,000 ni 90,000 mara 4, yaani tafuta tarakimu mbili zinazopishana kwa 4, moja kwenye laki, jirani yake kwenye makumi elfu. Isipogawanyika kwa 9, hukupindua. Huenda umeruka mstari.

Ila usitumie jumla ya tarakimu kuhakiki kama ulinakili sawasawa. Mimi nilifanya hivyo mwanzoni: zote mbili zinatoa 14, nikajipongeza bure.

Mpwa wangu alipoisikia habari hii akanijia na 123,456,789. "Mjomba, hii nayo inagawanyika kwa 9? Tuivunje mpaka mwisho." Tarakimu zake zinajumlika 45, kwa hiyo 9 inaingia bila baki, mara 13,717,421. Kuivunja hiyo nayo, mkono wangu ulichoka. Simu ikatuambia ni 3,607 mara 3,803. Kwa kalamu tungejaribu mamia ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kabla ya kufika.

Kijana hakuiamini simu, na nilimpenda kwa hilo. Akataka kujua kama 3,607 yenyewe ni tasa. Nikamwambia huhitaji kwenda mbali: 61 mara 61 ni 3,721, imeshapita, na kigawo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, kwa hiyo jaribu namba tasa hadi 59 tu. Ziko 17. Tukakaa barazani na kipande cha mkaa, tukizigawa sakafuni moja baada ya nyingine. Zote zilibakiza kitu, na dada yangu akatutaka tupige deki.